Wimbo Uliotoka Ghalani

Nyumbani kwa mama Scolastica, mtaa wa Viwanja Sitini, muziki wa dansi haupigwi wakati wa Kwaresima. Si kwamba unapunguzwa sauti, haupigwi kabisa. Enzi za uhai wa mumewe Polikarpo, Jumatano ya Majivu ikifika, mzee alirudi kutoka misani na jivu lake kwenye paji la uso, akakusanya kanda zake zote, akazipanga kwenye sanduku la bati, akafunga kufuli na kumkabidhi mkewe ufunguo. Gitaa nalo lilipandishwa juu ya kabati, likalala huko mpaka Pasaka. Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, mama alifungua sanduku, na kanda ya kwanza kuingia kwenye redio ilikuwa ileile kila mwaka. Polikarpo alijirekodi mwenyewe, kijana bado, yeye na gitaa lake tu. Kabla hajagusa nyuzi anasikika akikohoa kidogo, halafu anasema, "Huu ni wa Scolastica wa Michenga." Michenga ni kijijini kwao mama. Ndipo anaimba.

Wimbo huo mama hakutaka usikike nje. Kabla haujaanza aliinuka, akafunga dirisha la sebuleni linalotazama barabarani, akarudi kukaa. Watoto wake wamekua wakijua hivyo: Pasaka ni wali, kuku, na dirisha kufungwa.

Alikuwa na sababu yake. Wakiwa bado wachumba, Polikarpo alipiga gitaa kwenye bendi moja ya mjini, na wimbo wa kwanza aliomtungia Scolastica aliufundisha bendi nzima. Kiongozi wa bendi akahama nao kwenda Dar es Salaam, akaurekodi, na siku moja Scolastica akiwa anapepeta mchele akausikia redioni. Gitaa lilelile, maneno yaleyale, isipokuwa pale palipokuwa na jina lake palikuwa na Roza. Mpaka leo hajui huyo Roza ni nani. Polikarpo alicheka, akasema atatunga mwingine, na kweli akatunga huu wa kwenye kanda. Scolastica hakucheka. Tangu siku hiyo alishika msimamo mmoja, kwamba watu wakiuchukua wimbo wako, wanaanza kwa kutupa jina.

Sasa huyu Dativa, binti yao mkubwa. Ana duka la stesheneri karibu na soko, la kuchapa na kutoa kopi, na jioni anarudi kwa mama, anakoishi pamoja na Gasper, mdogo wao wa mwisho. Dativa ni mtu wa kanuni. Hata vijiko vya jikoni vina upande wao, na ukivichanganya utaambiwa. Baba alipofariki, ndiye aliyekaa na kanda zile moja baada ya nyingine, akaziingiza kwenye kompyuta. Kisha akanunua kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, akakiweka juu ya meza ya televisheni na kukiunganisha na ruta kwa waya. Wakakiita Ghala.

Kila laptop ya nyumba hiyo ilikuwa na folda inayoitwa Nyimbo, na folda hiyo ilifuata Ghala kama kifaranga kinavyofuata mama yake. Ukiongeza wimbo kwenye laptop yako, unaingia Ghalani wenyewe, na kutoka huko unakwenda kwenye laptop za wenzako. Ukisahihisha jina, linasahihishwa kote. Hakuna cha kwangu wala chako. Dativa alimwambia kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza, kwamba Ghala lina diski mbili, moja ikifa nyingine ipo. Na masika yale makubwa maji yalipoingia ndani ya nyumba yakalikuta sanduku la bati sakafuni, kanda zote zikaoza, mama akalia, Dativa alimshika bega akamwambia asilie, baba yuko salama juu ya meza.

Aliyeharibu mpango huo wa hakuna cha kwangu wala chako alikuwa Anselim, wa pili kuzaliwa. Anselim alitaka nyimbo za baba ziwekwe mtandaoni, watu wazisikie. Mama akakataa. Anselim akasema muziki wa kufungiwa ni sawa na mtu aliyezikwa mara mbili. Mama akainuka, akaenda zake jikoni. Anselim akachukua kazi ya ufundi wa matrekta kule Mngeta, kwenye shamba kubwa la mpunga, akaondoka na laptop yake akiwa ameshaikata kutoka Ghalani. Dativa aliona kifaa kimoja kimepotea kwenye orodha, damu ikamchemka, akamtumia ujumbe: kama umejitoa, futa na ulivyo navyo, nyimbo ni za nyumba, si za mtu. Jibu lilikuja neno moja. Sawa.

Tangu hapo ndugu hao walisalimiana kwenye misiba tu.

Kwaresima ya mwaka huu ilimkuta mama na sanduku tupu. Alilifuta vumbi Jumatano ya Majivu, akalifungua, akauliza mwaka huu wanafunga nini. Gasper akaumia kuona vile. Gasper ni fundi umeme wa majumbani, kijana mtiifu kupita kiasi, na siku hiyo utiifu wake ulifanya kazi kuliko akili. Alinunua flash kwa mmachinga, flash nene yenye namba kubwa imeandikwa ubavuni, akakaa sebuleni na laptop yake, akaichukua folda yote ya Dansi, iliyokuwa ndani ya Nyimbo, na kuihamishia humo. Hakunakili, alihamisha. Kunakili kungeacha nyimbo zilezile Ghalani, na kufanya hivyo, kwa mawazo ya Gasper, kungekuwa kumdanganya Mungu mchana kweupe. Flash ikasema tayari. Akaitia ndani ya kasha la kanda ya zamani, akaiweka sandukuni, akafunga kufuli, akampa mama ufunguo kwa mikono miwili. Mama alisimama pale macho yamemjaa machozi. Kwa hilo peke yake huwezi kumlaumu Gasper sana.

Dativa aliona folda ya Dansi haipo kwenye laptop yake, akauliza, akaelezwa, akaona ni utaratibu mzuri. Alikuwa na kazi nyingi.

Kilichomshtua ni mteja. Siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi alikuja mwalimu mmoja dukani na flash nene yenye namba kubwa ubavuni, analalamika kwamba mitihani yake haifunguki. Dativa aliipima. Flash ilijitapa ina nafasi kubwa, lakini kweli yake ilikuwa kidogo tu. Ikishajaa inaendelea kupokea, inaandika majina na kutupa vilivyomo. Majina yote yapo, ndani hakuna kitu. Akamuuliza mwalimu kainunua wapi. Kwa mmachinga, akajibu. Dativa akafunga duka kabla ya saa za kufunga, jambo ambalo majirani zake wa sokoni walilijadili.

Mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Gasper alijua ufunguo unakaa wapi, na kwa aibu wakafungua sanduku la mama yao kama wezi. Nyimbo za herufi za mwanzo ziliimba vizuri. Kuanzia katikati, kimya. Ule wa baba, Dativa alikuwa ameuita Wimbo wa Baba, kwa hiyo ulikuwa mwisho kabisa wa orodha. Aliubonyeza. Haukusema chochote. Akaubonyeza tena, kana kwamba wimbo nao unaweza kuwa umesinzia.

Gasper akakaa chini. Dada yake akakimbilia Ghala, na hapo ndipo kiburi chake kilipovuliwa nguo. Diski mbili zile zilikuwa zimetii amri ileile kwa pamoja. Kilichoondolewa kwenye ya kwanza kiliondoka kwenye ya pili, na kwenye laptop yake pia, wakati uleule, kwa unyenyekevu. Alikuwa amejikinga na diski kufa. Hakujikinga na mtu kufuta. Hata pipa la taka la Ghala lilikuwa tupu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeliwekea kanuni ya kujimwaga kila wiki ili nafasi isijae.

Kanda zimeoza, wimbo haumo Ghalani wala kwenye flash, na Pasaka mama atafungua sanduku akisubiri mume wake akohoe.

Gasper aliomba wamwambie mama kwamba mashine imeharibika. Dativa akamwambia anyamaze na afikiri. Walichukua diski zile wakazipeleka dukani, na Dativa akawasha programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Kufuta hakuui faili siku hiyohiyo. Faili hubaki pale pale bila jina, mpaka kingine kije kikae juu yake. Tatizo ni kwamba tangu Majivu Gasper alikuwa amejaza Ghala kwa video za kwaya, mazoezi ya Njia ya Msalaba, sauti ya kwanza, sauti ya pili, besi. Programu ilichimba mpaka Jumatano. Ilileta vipande vya nyimbo, kichwa hapa na mkia pale, na wimbo wa baba haukuwemo hata kipande. Laptop zao zilikuwa hivyohivyo.

Ikabaki laptop moja katika dunia nzima.

Alimpigia Anselim Jumatano ya Wiki Kuu. Anselim alipokea, akaamkia kama inavyopasa, shikamoo dada, kwa sauti ya mtu anayesaini karatasi. Dativa hakuzunguka. Alimweleza yote, akamuuliza kama bado ana wimbo wa baba.

"Nilifuta," Anselim alisema. "Uliniambia nifute."

Dativa alisikia trekta likinguruma upande wa pili.

"Laptop unayo?"

"Ninayo. Lakini nimekwambia nilifuta, dada."

"Usiiwashe," Dativa alisema. "Usiitumie kwa chochote. Nakuja kesho."

Mama hakuuliza Dativa anaendea nini Mngeta katika siku kubwa kama hizo. Alipomwona anafunga begi, aliingia jikoni akatoka na kambale wa kukausha wamefungwa kwenye gazeti, akasema ni wa Anselim, kule wanakula dagaa tu. Halafu akamtazama binti yake kwa muda, na kumtazama Gasper, ambaye tangu Matawi alikuwa hali chakula vizuri.

"Mmevunja kitu," alisema. Haikuwa swali. "Sitaki kujua kabla ya Pasaka. Nenda urudi salama."

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya kwenda Mlimba, inayopita Mngeta, ikiwa na mvua unajua mwenyewe. Basi lilikwama, abiria wakashuka, wakasukuma, wakapanda na matope yao. Dativa alisukuma kuliko wengine. Kondakta akamtania kwamba dada huyu apewe usukani. Hakucheka. Alikuwa ameshika begi lenye diski mpya kifuani, akihesabu kichwani kila kitu ambacho huenda Anselim alikiweka kwenye laptop ile tangu afute: picha, filamu, mpira. Kila kimoja huenda kilimkalia baba. Aliapa kwamba hata ikipatikana nusu ya wimbo atairudisha hiyo nusu.

Anselim alikuwa amepanga chumba nyuma ya karakana. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeanza kuchanganya mvi. Alipokea kambale, akainusa ile harufu ya nyumbani kwenye gazeti, akageuka kuliweka mezani ili uso wake usionekane. Laptop ilikuwa imezimwa, kama alivyoambiwa.

Dativa alifanya kazi saa zote za Alhamisi zilizobaki na asubuhi ya Ijumaa Kuu. Anselim aliingia na kutoka, akileta chai. Hatimaye programu ikaleta faili moja la urefu unaofanana na ule wa wimbo wa baba. Dativa akamwita mdogo wake waje wasikie wote. Akabonyeza.

Baba akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi chenyewe, cha mtu anayeona haya mbele ya redio kaseti. "Huu ni wa Sco," akasema, na kilichofuata kilikuwa mkwaruzo, kama bati linaburutwa juu ya saruji, mpaka mwisho.

Waliusikiliza mkwaruzo wote. Dativa alifunga laptop taratibu, akaweka viganja juu yake, akalia. Hakulia kwa siri. Aliwahi kuwaambia watu wote kwamba baba yuko salama, na alikuwa ameagiza kwa mkono wake mwenyewe kwamba nakala pekee iliyokuwa nje ya nyumba ifutwe, kwa sababu haikuwa kwenye orodha.

"Dada," Anselim alisema. "Sikufuta tu. Kabla ya kufuta niligawa."

Dativa akainua uso.

Anselim alizungumza akitazama sakafu. Ujumbe wa Dativa ulipoingia alikasirika, akasema hawa watu watamfungia mzee hata huku. Basi kila aliyekuja karakanani kuchaji simu au betri, madereva wa matrekta, vibarua wa kupanda, watu wa ng'ombe, akawa anawawekea nyimbo za baba kwenye memori kadi zao, bure, kila anayetaka. Ndipo akafuta. Kwenye simu hakusema kwa sababu angekuwa anakiri kwamba amefanya kilekile mama alichokikataza.

"Uliwaambia ni za nani?"

"Wengine wanatumia redio ndogo zile. Hazionyeshi jina, zinaonyesha namba tu." Akakuna ndevu. "Sikuwaambia, hapana. Niliona haya kusema ni baba yangu."

Dativa alimtazama mdogo wake, na hasira ilimpanda kweli. Hivi ndivyo mama alivyosema itakuwa. Wimbo umetoka, jina limebaki. Lakini hasira ilikuwa kitu cha baadaye. Alivaa viatu.

"Twende kwa hao watu."

Walizunguka mchana wote wa Ijumaa Kuu. Wakristo walikuwa kwenye ibada, ikabidi wawasubiri watoke. Dereva wa kwanza alikuwa ameshafuta kadi yake aweke bongo fleva. Wa pili aliipoteza kadi na simu yake. Mama mmoja kibarua, Yosefina, alikumbuka kulikuwa na mzee fulani wa gitaa, mzuri, lakini watoto wake waliingiza kadi majini. Kila walipokataliwa Dativa alisema asante na kuuliza nani mwingine, na aliyetajwa alifuatwa hukohuko aliko. Nyimbo nyingine za Ghala walizikuta, moja hapa, tatu pale, na kila waliyoikuta waliinakili. Ule wenyewe haukuwepo. Anselim akasema jua linazama, labda warudi. Dativa akamuuliza amebaki nani.

Amebaki Shija, akasema, lakini Shija anakaa mbali, kwenye maboma ya ng'ombe, kule mpunga unakoishia.

Walifika wakati ng'ombe wanaingia zizini. Shija alikuwa Msukuma mrefu mwenye kofia ya pama, redio ndogo imening'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani. Aliwakaribisha, akawapa vigoda, mke wake akaleta maziwa. Dativa alijitahidi kunywa. Akaeleza, kwa adabu, kwamba wanatafuta wimbo wa zamani, mtu mmoja na gitaa, ambao Anselim aliwahi kuweka kwenye kadi yake. Wimbo wa mzee mmoja aitwaye Polikarpo.

Shija akafikiri, akatikisa kichwa. Polikarpo hamjui.

"Anaimba habari ya mto," Dativa alisema. "Anamwambia msichana asivuke mpaka maji yapungue. Mwanzoni anakohoa."

Mke wa Shija akacheka kutoka mlangoni.

"Si huyu anautaka ule wa Scolastica," alimwambia mumewe.

"Aa, Scolastica," Shija akasema. "Ungesema mapema, mayo, mama yangu. Kwani nani hapa hamjui Scolastica wa Michenga?" Akabonyeza redio yake mara kadhaa, namba zikapita, na Polikarpo akakohoa katikati ya ng'ombe.

Ulikuwa mzima. Ulianza na kuisha. Shija aliitikia kiitikio kwa lafudhi yake ya kwao, akaeleza kwamba vijana wote wa machungani wanauimba, na hata watu wa bonde la kule ng'ambo walishauomba kwake. Wenye redio hawaoni jina la wimbo, lakini mwenye wimbo mwenyewe si amesema ni wa nani? Basi wakauita hivyo. Kuna na ndama pale zizini, alizaliwa mwaka uliopita wimbo ukiwa unapigwa, naye ni Scolastica. Akamwonyesha. Ndama alikuwa mweupe mwenye doa shavuni, na hakuonekana kujali.

Anselim aliinama akaficha uso kati ya magoti. Dativa alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka wimbo ulipokwisha.

Dativa aliunakili kwenye laptop yake, kisha kwenye diski mpya, kisha kwenye nyingine. Kila nakala aliisikiliza tangu kikohozi mpaka pumzi ya mwisho, Shija akishangaa mtu gani huyu asiyechoka. Dativa hakuamini tena kitu kinachosema tayari. Asubuhi yake diski moja alimwachia Anselim, akamwambia ikae kwake, mbali na nyumbani, isiunganishwe na Ghala wala na kitu kingine chochote, na mtu yeyote asimwambie aifute, hata yeye Dativa. Anselim akaipokea. Dada yake alipomwambia waondoke wote wakale Pasaka, Anselim alikataa kwa upole. Atakuja akiitwa na mwenye nyumba.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, wali ulikuwa tayari na kuku yuko sufuriani. Mama aliketi kwenye kiti chake na gauni lake la sikukuu, ufunguo mkononi. Gasper alimkonyeza dada yake, akimwomba: wimbo si umeshapatikana, umeshawekwa Ghalani, kuna haja gani ya kusema? Dativa naye aliwahi kulifikiria hilo ndani ya basi, njia nzima. Lakini alikumbuka alivyosimuliwa na Gasper kwamba mama alipokea ufunguo ule macho yamejaa machozi, akaona hawezi kumwacha afungue sanduku lenye uongo ndani.

"Mama, usifungue kwanza," alisema.

Akamweleza. Alianza na flash, akaja kwenye diski mbili alizojivunia, akaja kwenye ujumbe aliomwandikia Anselim. Gasper akasema yeye ndiye aliyehamisha. Mama alisikiliza bila kukatisha, akiuzungusha ufunguo kwenye vidole. Walipofika kwenye memori kadi za Mngeta, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo ulitoka nje."

"Ulitoka, mama."

"Na jina?"

"Jina la baba hawalijui," Dativa alisema. "Niliwatajia Polikarpo, hakuna aliyemjua. Wimbo wenyewe wanauita Scolastica."



"Scolastica yupi?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

"Wa Michenga. Wanasema hivyo hivyo, kama baba anavyosema. Wasukuma wa kule machungani, vibarua, watu ambao hatujawahi kuwaona. Hakuna aliyebadilisha." Akasita. "Na kuna ndama."

Ilibidi aeleze habari ya ndama. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na hakuna aliyeweza kujua ni lini kicheko kiligeuka. Aliweka ufunguo juu ya meza. Akamwambia Gasper ampigie Anselim, amwambie mama yake anamwita aje ale, na kama chakula kitakuwa kimepoa kitapashwa moto, na huyo Shija naye akitaka siku moja aje.

Halafu akatengeneza gauni lake magotini, akaomba wamwekee wimbo wake.

Dativa alibonyeza, na kwa mazoea ya miaka yote akainuka haraka kwenda kufunga dirisha la barabarani kabla haujaanza. Mkono wake ulikuwa umeshashika komeo.

"Liache," mama alisema.

Dativa akaliacha, akarudi kukaa, na baba akakohoa.